Waheshimiwa, choo chetu kinaishia Msimbazi

BARUA YA WAZI

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Waheshimiwa Mameya, wakuu wa DAWASA (mamlaka ya maji na majitaka ya jiji) na NEMC (baraza la mazingira la taifa), na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu.

YAH: UCHAFU TUNAOUTIA MTO MSIMBAZI, SISI NA WENZETU

Shikamooni.

Mimi ni mkazi wa Vingunguti, upande wa chini, kule ambako ukitoka nje ya nyumba unauona mto. Kabla sijawadai chochote, naomba nianze na la kwetu, maana nisipolisema mimi mtanisemea nyinyi.

Nyumba yetu ina vyumba sita, wapangaji wanne na choo kimoja. Shimo la choo limejengwa kwa tofali, na upande unaoelekea mtoni kuna tofali moja lisilo na saruji. Marehemu baba aliliacha hivyo makusudi. Siku za kawaida limezibwa kwa matambara na udongo wa mfinyanzi, na mgeni hawezi kulijua. Mvua kubwa ikipiga usiku, wanatoka watu wawili, mmoja na tochi, mwingine na mtaimbo. Tofali linavutwa. Unasikia kwanza kama mtu anayekohoa, halafu kinachotoka kinatoka, kinateremka uchochoroni pamoja na maji ya mvua mpaka Msimbazi. Alfajiri mama anamwaga majivu na dawa ya kuulia harufu. Jirani wa chini yetu hasemi kitu, kwa sababu na yeye usiku alikuwa nje na tochi yake.

Huku tunaita kutapisha. Mimi nilishikishwa tochi nikiwa darasa la tano.

Nasema haya kwa aibu, lakini nayasema ili tuelewane tangu mwanzo. Kila mara kiongozi anapokuja bondeni na waandishi wa habari, anasimama kwenye kingo, anaangalia chupa za plastiki na maji meusi, kisha anasema wananchi wabadilike tabia. Tabia gani, waheshimiwa? Tofali lile si tabia. Shimo lilipojaa kwa mara ya kwanza, baba alikwenda kuulizia gari la kunyonya majitaka. Aliulizwa swali moja tu: gari linafika? Halifiki. Uchochoro wetu mkokoteni wenyewe unapita kwa kuinamishwa. Bomba la gari lina urefu wake, na sisi tuko mbali kuliko urefu huo. Akarudi nyumbani, akachukua mtaimbo.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mabwawa ya kutibu majitaka yako hapahapa Vingunguti. Magari ya kunyonya kutoka sehemu nyingi za Dar es Salaam yanakuja kumwaga kwetu. Yanatoka Sinza, yanatoka Tabata, yanatoka kwenye hoteli na maofisi, yanapita barabarani mchana kutwa yakidondosha matone, na watoto wetu wanayajua kwa rangi. Vyoo vya mji mzima vinaletwa mlangoni petu kwa gari, halafu cha kwetu, kilicho umbali wa kutembea kutoka kwenye mabwawa hayo, kinakwenda mtoni kwa mtaimbo. Wageni wakinitembelea nawaonyesha jambo hili. Wanacheka kidogo, halafu wanaacha.

Mabwawa yenyewe si kitu cha ajabu. Majitaka yanaingia bwawa la kwanza, tope linazama, yanahamia la pili na la tatu, jua na mwani vinafanya kazi yao kwa siku kadhaa, halafu maji yanatolewa. Yanatolewa wapi? Msimbazi. Kwa hiyo mto huu unapokea vyoo vya aina mbili, vilivyopitia mabwawani na vilivyotapishwa usiku. Na mfumo wa mabomba ya majitaka katika jiji letu unahudumia sehemu ndogo tu ya wakazi. Wengine wote tuna mashimo na makaro. Bondeni maji ya ardhini yako juu. Ukichimba urefu wa mtu umeyakuta. Shimo la choo linaogelea. Hata usipovuta tofali, lenyewe linavuja polepole kwenda kwenye kisima cha jirani. Mnapohesabu wachafuzi wa maji, hesabuni na hilo lisilo na sauti.

Sasa niuzungumzie mto, maana wengi wanaoamua habari zake wanauona kutoka juu ya daraja tu.

Msimbazi unatoka kwenye vilima vya Pugu, Kisarawe, kwenye msitu. Huko juu ni kijito unachoweza kuruka. Unasafiri kama kilomita 35 hivi, unapita Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo, Jangwani, unapokea njiani Mto Ubungo na mto unaotoka Sinza, na unaingia Bahari ya Hindi pale Daraja la Selander. Ukishatoka msituni, safari yote ni ya mjini. Hakuna mkoa mwingine wa kulaumiwa, hakuna nchi jirani ya kuundiwa kamati. Kila tone la uchafu lililomo humu ndani tumelitia sisi wa Dar es Salaam, na mipaka yetu ya Ilala, Ubungo na Kinondoni ndiyo inayofanya kila halmashauri iseme uchafu umetoka kwa mwenzake.

Wazee wa Kigogo wanasimulia kwamba walioga humu na kuvua kambare. Mimi sikubahatika. Mto ninaoujua mimi una rangi kulingana na siku. Kuna siku una povu. Kuna siku una utando wa mafuta unaong'aa kama manyoya ya njiwa, hapo ujue magereji yamemwaga oili chafu kwenye mtaro. Kuna siku, na hasa alfajiri ya Jumapili, maji yanakuja na rangi ambayo haikutoka kwenye udongo wala kwenye choo cha mtu yeyote. Sitataja kiwanda, kwa sababu sikusimama kwenye bomba lake. Lakini kuna mtu ambaye kazi yake ni kusimama kwenye bomba hilo, na analipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Sheria ipo, na imekaa vizuri kwenye karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inamtaka anayetiririsha majitaka kwenye chanzo cha maji awe na kibali, na kibali kina masharti ya kiwango. Ile ya mita 60 tunaijua sana huku bondeni. Tumechorewa alama ya X nyekundu ya kubomolewa ukutani kwa sababu yake. Nyumba ya mama yangu iliwahi kuwa na X mbili, moja imepakwa rangi juu ya nyingine. Hii ya kibali cha kutiririsha hatujawahi kuiona ikichorwa kwenye geti la mtu. Sisemi haitumiki. Nasema hatujaiona.

Naomba niwakumbushe kisa cha Tabata, kwa sababu vijana wengi hawakijui na wazee wengine wanapenda kukisahau. Miaka ya 1980 jiji lilikuwa linamwaga taka Tabata. Moshi, nzi, harufu. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1988, wakashinda, jiji likaamriwa kuacha. Jiji halikuacha. Likarudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, na Jaji Lugakingira akashangaa waziwazi kusikia mamlaka ya umma ikija mbele yake kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akakataa. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani. Watu wa Kunduchi nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Zikahamia wapi baada ya hapo? Vingunguti, kando ya Msimbazi. Sisi hatukwenda mahakamani. Jalala likakaa kwetu miaka ya 1990, na leo jalala kuu liko Pugu, upande uleule wa vilima mto unakoanzia. 

Nimewahi kuwauliza wenzangu kwa nini hatukushtaki. Mzee mmoja akanijibu, "Wewe uliyejenga bondeni bila hati, utakwenda kumshtaki nani?" Nadhani jibu lake limebeba siasa yote ya mto huu. Uchafu wa mji huu haufuati mteremko tu, unamfuata asiyeweza kuuliza.

Na taka ngumu? Hapo lawama tugawane. Mkandarasi wa taka anapita barabara kubwa, haingii ndani. Kwa hiyo kuna vijana wa guta na mikokoteni wanaochukua kiroba kwa shilingi mia tano au elfu moja. Humuulizi anakipeleka wapi. Unajua anakipeleka wapi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, ile ya rambo imepungua kweli, hata mitaro ya kwetu ilipumua kwa muda, na kwa hilo pokeeni pongezi. Lakini chupa, pampasi, na vile vifungashio vyepesi vya sokoni vimejaza nafasi yake. Pampasi hasa. Ukiuona mti ulioanguka mtoni baada ya mafuriko umevaa pampasi kuanzia shina hadi matawi, hutausahau.

Halafu kuna usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nashiriki, sina ubishi. Tunafunga maduka, tunachukua makoleo, tunazibua mtaro, tope jeusi tunalirundika pembeni mwa mtaro, tunapiga picha. Gari la kuja kulizoa linaahidiwa Jumatatu. Mvua inakuja Jumapili. Rundo lote linarudi mtaroni kwa mpangilio uleule tuliolitoa.

Sasa wapo wanaosoma barua hii kutoka Masaki au Mbezi Beach wakisema, poleni sana, lakini maji yangu yanatoka Mto Ruvu. Ni kweli. Maji ya bomba ya Dar es Salaam sehemu kubwa yanatoka kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Lakini Oktoba na Novemba 2022 Ruvu ilipopungua na mgawo ukatangazwa, mji mzima ulikimbilia visima. Maboza yalikuwa yanachota visimani na kupeleka hadi kwenye magorofa, na visima hivyo vimechimbwa kwenye ardhi ileile yenye mashimo ya vyoo. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa mikoa mingi. Hakikuuliza mtu anakaa upande gani wa barabara. Serikali ikafuta gwaride la Uhuru Desemba ile na kutangaza siku ya usafi.

Na kuna mchicha.

Naomba nikae kidogo kwenye mchicha, kwa sababu ndiyo njia fupi zaidi kutoka choo chetu hadi mezani kwenu. Alfajiri saa kumi na moja na nusu, bondeni, mtu anaingia mtoni hadi magotini akiwa na keni mbili. Anazizamisha pamoja, anapanda ukingo, anamwagilia tuta, anarudi. Safari themanini, mia moja. Mchicha wa hapa unastawi kupita kiasi, majani mapana, ya kijani iliyokolea, na sote tunajua mbolea yake ni nini. Baadaye unavunwa, unafungwa mafungu, na unasuuzwa ili upendeze sokoni. Unasuuzwa na maji ya wapi? Ya palepale. Saa moja uko sokoni Ilala na Kariakoo, na kuanzia hapo hauna anwani tena. Watafiti wamepima mboga za bonde hili kwa miaka mingi na wamekuta ndani yake metali nzito, risasi ikiwemo, yaani ile inayoitwa lead. Vijidudu vya choo unaweza kuvipika, moto ukaviua. Risasi haifi kwenye sufuria. Inabaki ndani ya mboga, inaingia ndani ya mtoto.

Yule mwenye keni mbili ni rafiki yangu. Nilipomwambia habari za risasi aliniuliza ni dawa ya wadudu gani hiyo, mbona yeye hajawahi kuipiga. Hakuna bwana shamba wala bwana afya aliyewahi kuja kumweleza. Waliowahi kuja ni watu wa operesheni, walioyafyeka matuta siku moja na wasirudi tena. Wiki tatu baadaye alikuwa amepanda upya, kwa maji yaleyale.

Waheshimiwa, najua mnao mpango. Mradi wa Bonde la Msimbazi umetengewa dola milioni 260, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Dunia. Daraja jipya la Jangwani litanyanyua barabara juu ya maji, kingo zitachimbwa, watu wa sehemu hatari wanalipwa fidia na kuhama, na kuna bustani kubwa ya jiji imechorwa pale bondeni. Sina neno baya juu ya daraja. Desemba 2011 maji yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, majirani zetu wa Jangwani wakapelekwa Mabwepande, na tangu hapo kila masika barabara ya Jangwani inafungwa na mabasi ya mwendokasi yanakwama. Daraja lijengwe, hata jana.

Ila mafuriko ni maji mengi, na ugonjwa wa mto huu si wingi peke yake. Nimesikiliza mikutano kadhaa ya mradi. Inazungumzwa mita za ujazo, upana wa mto, kina. Mto Ng'ombe umejengewa kingo za zege, na nyumba za kandokando hazibomoki tena, lakini maji yaliyomo ndani ya zege hiyo bado huwezi kuyasogelea bila kushika pua. Sasa niambieni, bustani ya Jangwani ikikamilika na familia zikaenda kupunga upepo Jumapili, zitakaa mbele ya maji gani? Yatakuwa yaleyale ya tofali la baba, yakipita kwa mwendo mzuri zaidi.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyoomba, na siombi vitu vigeni. Hapahapa Vingunguti zipo nyumba chache zilizowahi kulaziwa mabomba membamba ya majitaka, yanayopita uchochoroni kwa kina kifupi na kuishia kwenye mabwawa. Yamefanya kazi. Wenye nyumba hizo hawatapishi. Walaziwe na wengine wote wanaokaa upande wa juu wa mabwawa yale, kabla ya taa ya kwanza ya bustani kuwashwa. Ambako bomba halifiki, pampu za mkono na vitoroli vyenye tangi vimeshatumika katika jiji hili kuingia vichochoroni. Zibebeni kama huduma ya umma kwa bei ambayo mpangaji wa chumba kimoja anaweza kuichangia. Leo kazi hiyo inafanywa na vijana tunaowaita vyura. Wanaingia shimoni hadi kifuani, hawana buti wala glovu, wanahamishia kinyesi kwenye shimo jingine pembeni, wanalipwa, wanakwenda kuoga mtoni.

Bodi ya Bonde na NEMC, nyinyi nawaomba karatasi. Kila mwenye kibali cha kutiririsha maji Msimbazi jina lake libandikwe kwenye ubao wa serikali ya mtaa, pamoja na kiwango alichoruhusiwa na kipimo cha mwisho alichokutwa nacho. Basi. Hamna haja ya semina. Watu wa huku wanajua kusoma, na wanajua bomba lipi linatokea wapi; mnachowanyima ni namba ya kulinganishia. Asiye kwenye ubao na anatiririsha, tutampigia nani simu? Wekeni na hiyo namba ya simu, na iwe inapokelewa Jumapili alfajiri.

Na yule rafiki yangu mwenye keni mbili msimfyekee. Mchimbieni kisima mbali na mto, kipimwe, apewe karatasi ya kipimo, auze mchicha wake akiwa nayo mfukoni. Atakuwa mkulima wa kwanza bondeni kuwa na cheti, na namjua, ataonyesha hicho cheti mpaka kichakae.

Mimi kwa upande wangu, ndugu zangu tumekubaliana kulijengea saruji lile tofali. Mafundi tumeshaongea nao. Tatizo ni kwamba shimo limejaa, na tukiziba leo, kufikia mwezi ujao wapangaji wanne watakuwa wamehama. Tunasubiri jibu la barua hii, au masika, kitakachotangulia.

Mkitaka kuja, tafadhali msije saa nne asubuhi na msafara. Njooni usiku wa mvua, saa nane hivi, wawili watatu. Vaeni gambuti. Shukieni barabarani mabwawa yanapoanzia, teremkeni uchochoro wa kushoto baada ya banda la chipsi, na mkiona tochi ziniteni kwa sauti, nitazima yangu nije kuwapokea.

Wenu,
Mkazi wa bondeni, Vingunguti.

Nakala: Mjumbe wa shina letu, ambaye ameniomba niseme kwamba hata cha kwake kimejaa.